Tusimlaumu Mwimbaji, Tukague Ratiba

Vikao vya wazazi kwenye shule za kata za Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Ilula hadi Tunduma, havikosi mtu wa kusimama na kusema nyimbo za redioni zinawaharibu watoto. Hutajwa mstari mmoja wa wimbo, watu huguna, na katibu huandika kwenye muhtasari kwamba wazazi wamelaani maadili mabovu. Baada ya hapo hakuna kinachobadilika, na hakiwezi kubadilika, kwa kuwa kilicholaaniwa ni maneno. Maneno yakisikika mara moja hupita kama upepo wa Kitulo. Yanayomkaa kijana kichwani yanaletwa na kitu kingine ambacho hakitajwi vikaoni: ratiba ya kipindi.

Tupige hesabu ndogo. Kituo kina nyimbo nane ambazo kwa wiki hiyo ndizo za moto, na kila moja inarudi hewani baada ya saa tatu. Kati ya saa 12 asubuhi na saa 6 usiku kila wimbo utapigwa mara sita. Msusi wa Mwanjelwa, Mbeya, anayefungua saluni saa 2 asubuhi na kufunga saa 1 jioni atausikia mara tatu au nne kwa siku. Akifanya kazi siku sita, wimbo umempita mara ishirini na ushee. Mwezi ukiisha anakaribia mara tisini, na hajauchagua hata mara moja. Hakuna somo la darasani linalorudiwa mara tisini kwa mwezi.

Marudio yana nguvu yake yenyewe, na hili lilipimwa zamani. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc aliwaonyesha watu maneno wasiyoyajua, alama mfano wa herufi za Kichina na picha za sura ngeni. Kadiri walivyokiona kitu mara nyingi ndivyo walivyokipenda zaidi, bila kuelewa maana yake. Sasa msikilize kijana wa Mafinga akiimba amapiano, muziki wa Afrika Kusini, kwa Kizulu neno kwa neno. Haelewi hata robo ya anachoimba. Tukisema mashairi ndiyo yamemvuta, tumekosa hesabu tangu mstari wa kwanza.

Chati nazo zina lake. Mwaka 2006 watafiti Salganik, Dodds na Watts walitoa matokeo ya jaribio lililofanyika kwenye intaneti kwa washiriki zaidi ya 14,000, wengi wao vijana, waliopewa nyimbo 48 za bendi wasizozijua. Walioonyeshwa idadi ya watu waliokwisha kuupakua kila wimbo waliukimbilia ule uliokuwa mbele. Washiriki walipogawanywa kwenye makundi yasiyoonana, kila kundi lilizalisha washindi wake. Nyimbo bora kabisa hazikuzama sana, na mbovu kabisa hazikupanda sana, lakini zile za katikati zilikwenda kokote zilikosukumwa. Kwa hiyo mtangazaji anaposema "hii ndiyo ngoma inayokimbiza mjini wiki hii", anausukuma wimbo huohuo anaodai kuusimulia. Halafu mji wenyewe ni upi? Mara nyingi ni Dar es Salaam, na orodha imenakiliwa kama ilivyo na kusomwa Mbeya saa 11 jioni.

Nyanda za Juu Kusini zina jambo ambalo Dar es Salaam haina: milima. Mawimbi ya FM, yaani megahezi 87.5 hadi 108, husafiri karibu moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Antena iliyo mita 1,000 juu ya bonde tambarare inaweza kuliona bonde hilo umbali wa kilomita 130 hivi, nguvu ya mtambo ikiruhusu. Ndiyo maana mtambo wa juu ya Loleza, mlima unaolichungulia jiji la Mbeya kutoka kaskazini, una faida kubwa kuelekea nyanda za Usangu. Antena hiyohiyo ikielekea Rungwe na Kyela inakutana na safu ya Uporoto na kivuli cha mlima wenyewe wa Rungwe, wenye urefu wa mita 2,960 hivi, na nyuma ya kivuli hicho sauti inakwaruza au inakatika. Abiria wa basi anayeteremka Kitonga anajua redio inavyokoroma pale kama mtu aliyelala chali.

Matokeo yake kwa kijana ni kwamba uchaguzi wake unategemea upande wa mlima aliozaliwa. Mjini Mbeya au Iringa atapekua vituo hadi achoke, vya Dar es Salaam vyenye mitambo huku na vya hapahapa kama Bomba FM, Baraka FM au Ebony FM. Akiwa kwenye bonde la ndani la Makete au Ileje huenda anakamata vituo viwili tu vizuri, na kimoja ni cha dini. Kule Tunduma mawimbi ya Zambia hayaombi pasi, basi kijana anakua na sikio la nchi mbili. Kituo kidogo cha wilaya kinachopuuzwa na watu wa mjini kinaweza kuwa na mamlaka makubwa zaidi juu ya vijana wake kuliko kituo maarufu cha taifa, kwa sababu tu hakina mshindani bondeni. Anayetaka kujua redio ina nguvu kiasi gani mahali fulani aanze na swali hili: hapa vinasikika vituo vingapi bila kukwaruza?

Kuna wanaosema redio imekwisha, vijana wako kwenye simu. Nusu ya maneno hayo ni kweli, ila bando lina bei, na simu nyingi haziwezi kupokea FM bila kuchomekewa waya wa sikioni, maana ndio antena yake. Tena kijana wa Igurusi anayelipa fundi amjazie nyimbo kwenye flashi ya sabufa anafika kibandani na majina mdomoni. Majina hayo ameyapata wapi? Mengi yametoka redioni. Flashi ni ghala, redio ndiyo inayoamua kiingie nini ghalani.

Wa kuangaliwa zaidi ni wanafunzi wa shule za kata waliopanga vyumba karibu na shule kwa sababu nyumbani ni mbali. Geto lina godoro, jiko la mkaa na sabufa, na halina mtu mzima. Mwanafunzi akirudi saa 10 alasiri, sauti ya kwanza ya mtu mkubwa anayoisikia ni ya mtangazaji, na inabaki hivyo hadi saa 1 jioni.

Hapo ndipo palipo na kiini cha jambo hili: maneno yanayosemwa kati ya wimbo na wimbo.

Tanzania ina ushahidi wake, na ni bora kuliko wa nchi nyingi. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, nusu saa mara mbili kwa wiki, kuhusu uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Hadi 1995 eneo la Dodoma halikurushiwa, ili watafiti walinganishe. Sehemu zilizousikia, mwenendo ulionekana kubadilika: wasikilizaji walisema wamepunguza idadi ya wapenzi, na uzazi wa mpango uliongezeka. Jambo kubwa zaidi ni jinsi ilivyotokea. Watu walikuwa wakijadiliana kuhusu wahusika baada ya mchezo kwisha, mke na mume, rafiki na rafiki. Redio iliwasha moto, na maongezi ya majumbani yakaupikia.

Linganisha muda. Nusu saa mara mbili ni dakika 60 kwa wiki. Kipindi cha muziki cha saa tatu, chenye dakika tisa tu za maongezi kila saa, kinampa mtangazaji dakika 27 kwa siku, na kwa siku tano ni dakika 135. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya muda wa mchezo uliogusa mwenendo wa watu. Dakika hizo zinajazwa na nini? Kwa sehemu kubwa, udaku wa wasanii uliosomwa kutoka kwenye simu, kiki za nani kaachana na nani, na mada ya kupigiwa simu mfano wa "mwanaume asiye na hela ana haki ya kupenda?" Kesho yake mada inahamia kijiweni, kwenye bajaji na kwenye benchi la shule. Wimbo wenyewe haujadiliwi na mtu. Kijana anajadili alichoambiwa kuhusu wimbo na maisha ya aliyeuimba.

Ni rahisi kumtupia lawama mtangazaji, ila tuangalie meza aliyokalia. Vituo vingi vya mikoani vinaendeshwa na vijana wanaojitolea, wasio na mkataba wala mshahara wa uhakika, wanaosubiri asilimia ya tangazo walilolileta wenyewe. Mtu wa namna hiyo hana muda wa kuandaa kipindi. Maandalizi ya kawaida ya kipindi cha saa tatu huhitaji walau saa moja na nusu: kuchagua nyimbo, kuthibitisha habari, kuandika mada na maswali matatu ya kuichimba, kupata mgeni mmoja. Yeye anaingia studio dakika tano kabla, anafungua mtandao wa kijamii, anasoma kilicho juu. Kilicho juu ni kiki.

Njaa hiyohiyo ndiyo inayofungua mlango wa "toa chochote wimbo wako upigwe". Marekani walishughulika na ugonjwa huu kwenye kashfa ya mwaka 1959, na sheria ya 1960 ikalazimisha malipo ya namna hiyo yatangazwe hewani. Kwetu yanapita kwa simu, kimya. Hasara ya kwanza inampata msanii mchanga wa Uyole au Ipogolo aliyemaliza hela yake studio. Hasara ya pili haionekani: msikilizaji anaaminishwa kwamba wimbo umependwa kumbe umelipiwa, na lile jaribio la nyimbo 48 limeonyesha imani hiyo inavyofanya kazi.

Kuhusu wasanii wa nyumbani, watangazaji wana jibu moja: "hazina kiwango." Wakati mwingine ni kweli, na sababu yake ni ya kiufundi. Kabla ya kufika kwenye mtambo wa redio, sauti hupitia kifaa kinachozibana ili zote zitoke kwa kimo kimoja. Wimbo uliochanganywa vibaya, wenye besi iliyovimba na sauti ya mwimbaji iliyochongoka, ukibanwa hivyo unatoka umetopea, hata kama kwenye sabufa ulisikika mtamu. Kosa jingine ni faili kutumwa kwa WhatsApp kama sauti ya kawaida, ambapo linaweza kubanwa njiani. Msanii apeleke WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, au MP3 ya ubora wa juu, kbps 320, tena kama faili la kiambatisho. Jina la faili liwe na msanii, wimbo na mwaka, na kuwe na toleo safi pembeni ikiwa kuna neno la kufutwa. Kisha ausikilize wimbo wake kwenye spika ndogo ya simu kabla ya kuutuma. Maneno yasiposikika hapo, kwenye bajaji inayopanda Mwanjelwa ndiyo kabisa.

Lakini kiwango hakielezi kila kitu. Mbeya imemtoa mwimbaji Rayvanny, ambaye jina lake lilikua akiwa Dar es Salaam. Mbeya hiyohiyo ilimpeleka bungeni mwanarap Joseph Mbilinyi, Sugu, mwaka 2010 na tena 2015, jambo lililoonyesha kwamba vijana wa huku wanaweza kumwamini msanii hata kwa kura. Sikio lipo. Linalokosekana ni nafasi kwenye saa.

Lugha nayo inafinyangwa, na hapa tathmini inachanganya. Kanuni zinataka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza, basi Kinyakyusa, Kihehe, Kisafwa na Kibena havina kipindi. Kiswahili kimewaunganisha vijana wa mabonde yasiyosikilizana, na hiyo ni faida. Hasara ni kwamba mtangazaji wa Njombe analazimisha lafudhi ya Kinondoni, na kijana anajifunza kwamba namna ya kusema ya nyumbani ni ya kuchekwa. Kanuni haikumwagiza afanye hivyo, amejiagiza mwenyewe.

Nani awe wa kwanza kutengeneza? Meneja wa vipindi, na haimgharimu fedha nyingi. Saa ya kipindi cha jioni ichorwe: nyimbo 11 za wastani wa dakika tatu na nusu, ambazo ni dakika 38 na nusu, matangazo dakika nane, maongezi tisa, taarifa fupi mbili na nusu, vitambulisho vya kituo mbili. Jumla ni 60. Kati ya nyimbo 11, mbili ziwe za wasanii wa mikoa hii, na zisirundikwe saa 5 usiku. Wimbo ule ule usirudi kabla hazijapita saa nne, na msanii yule yule kabla haijapita saa moja. Kompyuta za kupangia nyimbo zina sehemu ya kuweka masharti hayo, na tatizo ni kwamba mara nyingi imeachwa tupu.

Kompyuta hiyo ina mtego mwingine. Mtangazaji asipofika, au umeme ukikatika na kurudi, fundi huelekeza mashine kwenye folda moja na kuondoka. Folda ya nyimbo 60 inakwisha kwa saa tatu na nusu, kisha inaanza upya. Mwishoni mwa wiki isiyo na mtu studio, wimbo mmoja hupigwa mara tano kati ya saa 12 asubuhi na saa 6 usiku. Ikiwa ndani ya folda kuna toleo chafu lililopakuliwa haraka mtandaoni, mashine haijui kwamba ni saa 12 jioni na watoto wako macho. Dawa ni folda mbili zilizotengwa, ya mchana na ya usiku, na mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kuingiza faili kwenye ile ya mchana baada ya kulisikiliza hadi sekunde ya mwisho. Neno chafu hupenda kukaa kwenye ubeti wa pili, wakati anayekagua ameshahamia wimbo mwingine.

Simu za wasikilizaji zinahitaji ulinzi pia. Vituo vyenye uwezo hutumia kifaa kinachochelewesha sauti kwa sekunde saba hivi, mtu akitukana anakatwa kabla hajafika hewani. Asiye nacho ampigishe simu mchangiaji wakati wimbo unapigwa, airekodi kwenye kompyuta, aisikilize, airushe wimbo ukiisha. Dakika tatu na nusu zinatosha. Na kile kipengele cha "natafuta mchumba", ambamo namba ya simu husomwa hewani bila kujua mwenye namba ana umri gani, hakina marekebisho. Kifutwe.

Wazazi na walimu nao wana kazi, ila ngumu kuliko kusimama kikaoni. Wachukue daftari lenye safu tano: saa na dakika, wimbo na msanii, anatoka wapi, maongezi yalihusu nini, tangazo la nani. Wasikilize saa tatu za jioni Jumanne na saa tatu Jumamosi, kwa wiki mbili. Siku moja haitoshi, kwa kuwa yaweza kuwa siku ya mdhamini au ya uzinduzi wa albamu. Wakosaji wengi katika zoezi hili huandika nyimbo na kusahau maongezi, yaani wanapima mifupa na kuacha nyama. Hesabu tatu zitatoka zenyewe: wimbo mmoja ulirudi mara ngapi, dakika ngapi zilikwenda kwenye udaku, na wasanii wa Nyanda za Juu Kusini walipata nafasi ngapi kati ya ngapi. Tangazo la bahati nasibu au la kubeti likitokea katikati ya saa za wanafunzi, waliandike kwa wino mwekundu. Hilo linastahili makala yake.

Daftari kama hilo, likiwekwa na kituo chenyewe, lina kazi nyingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa msanii haki ya kulipwa wimbo wake unapotumika hewani, na COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo inayosimamia hakimiliki. Malipo yanayofuata matumizi yanahitaji kumbukumbu ya kilichopigwa. Kituo kisichoandika kinachopiga kinamnyima msanii wa Ipogolo mara mbili, nafasi na fedha.

Malalamiko yana njia yake. Barua ya kwanza iende kwa kituo, kwa meneja wa vipindi. Isipojibiwa, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini Mbeya, na ina Kamati ya Maudhui. Barua inayosema "redio inaharibu watoto wetu" itawekwa kwenye faili. Barua inayosema "Jumanne, saa 11 na dakika 20 jioni, namba ya simu ya msichana ilisomwa hewani, na mtangazaji akamuuliza yuko kidato cha ngapi" inamlazimisha meneja kuitafuta rekodi ya saa hiyo na kuisikiliza.